Mjane Hasemewi na Mwanawe

Doornfontein, Johannesburg
Novemba 2018

Kwa kaka yangu Fidelis,

Shikamoo, kaka. Kwa salamu ya kwetu, kamwene wewe, kamwene wifi, kamwene Mama na kila aliyekaa hapo uani wakati unasoma. Natumaini mvua za kwanza zimeshafika Njombe na mbegu za viazi zimeingia ardhini. Goti la Mama linaendeleaje? Mara ya mwisho aliniambia halimsumbui tena, nami sikumwamini, kwa sababu alisema hivyo akiwa amekaa. Mpeleke hospitali hata akikataa. Kikohozi cha wifi nacho kimekwisha? Mimi ni mzima. Nimekonda usoni na kunenepa kwingine kote, na sauti imekauka tangu Jumapili iliyopita. Sababu ya kukauka ndiyo barua hii.

Nakuandikia kwa kalamu kwa makusudi. Nikikutumia ujumbe wa sauti unausikiliza robo, kisha unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Karatasi haina pa kubonyeza, na najua Mama atataka asomewe, kwa hiyo utalazimika kufika mwisho.

Maisha hapa ni yale yale. Lifti ya jengo letu imekufa tangu wakati wa baridi, nami nakaa ghorofa ya sita, kwa hiyo nikisahau kununua chumvi napika bila chumvi. Kibali changu cha kuishi kinasubiri muhuri katika ofisi ambayo kila nikienda naambiwa mtandao hakuna, nirudi siku nyingine. Chuoni kazi ni nyingi. Nafundisha historia ya China, na hasa historia ya wanawake wa China, kwa vijana ambao wengi wao walijiandikisha wakidhani watajifunza jinsi ya kuagiza mali kutoka Guangzhou. Mwanzoni huwa wamenuna. Tukifika kwenye wajane na miguu iliyofungwa, hawanuni tena, wanagombana. Hapo ndipo ninapojua nimeanza kufundisha.

Unakumbuka jinsi watu walivyokucheka sokoni nilipoondoka kwenda kusomea mambo haya. Mwanamke wa Njombe na Wachina, wapi na wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa sina jibu fupi. Jumapili nililipata, huko Randburg, kaskazini mwa jiji hili, mbele ya watu, kwenye kipaza sauti.

Iko hivi. Hapa tuna chama cha watu wa Kiswahili. Wengi ni Wakongo, kisha Warundi, sisi Watanzania, na Wakenya wachache. Kazi yake kubwa ni misiba. Mtu akifia huku, chama kinawatafuta ndugu zake, kinamtoa chumba cha maiti, kinamrudisha kwao au kinamzika hapa kwa heshima. Msimamizi wa misiba ni Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu, fundi cherehani, mwenye karakana mtaa wa pili kutoka kwangu. Mumewe alipofariki hapakuwa na chama chochote. Mwili ulikaa huko chumba cha maiti mpaka alipomaliza kushona sare za shule za mtaa mzima, ndipo akaweza kumzika. Baada ya mazishi akawaita wanawake wenzake, akawaambia kwamba jambo lile lisimpate mwingine. Hicho ndicho chama. Wanaume walijiunga baadaye, walipoona kinafanya kazi.

Mwaka huu ikaamuliwa kwamba chama kinahitaji katiba, na kazi ya kuiandika akapewa Daktari Melkiori. Huyu ni Mtanzania mwenzetu, kwa aibu yangu. Alisomea uchumi China, ana ofisi Randburg, anawashauri wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka huko. Ana akili, sitaki nikudanganye, na akizungumza unatamani aendelee. Katika katiba yake akaweka kifungu kinachosema kwamba mwanachama mwanamke atasemewa vikaoni na katika uongozi na baba yake. Akiolewa, na mumewe. Akifiwa na mume, na mwanawe wa kiume. Chini yake akaandika maelezo: huu ndio utaratibu ulioijenga China kwa maelfu ya miaka, na watu wanaotaka maendeleo waige kwa walioendelea.

Mama Furaha aliniletea karatasi hiyo akiwa bado na sindano kwenye ukosi wa gauni. Akanisubiri nisome mpaka mwisho.

"Mwalimu, hii ni ya Bachina kweli?"

Nikamwambia ni ya Wachina kweli. Huo ndio ulikuwa ubaya wake, kaka. Kama ingekuwa uongo ningeimaliza siku hiyo hiyo kwa simu. Vitabu vya kale vya China vya adabu za nyumbani vinasema hivyo hivyo: binti amfuate baba, mke amfuate mume, mjane amfuate mwana. Kila mwanafunzi wangu anaijua kanuni hiyo. Daktari hakuibuni. Ila alichukua mstari mmoja akaacha nyumba nzima iliyouzunguka, na watu wa aina hiyo nawaogopa kuliko waongo, maana mwongo huwa anajua kwamba anadanganya.

Mama Furaha akakunja karatasi. "Basi ni Dido atasema mu nafasi yangu? Dido anajuaga Kiswahili ya kuomba chakula tu."

Dido ni mwanawe wa kiume, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyezaliwa hapa hapa. Ni mtoto mwema, anasambaza vyakula kwa pikipiki. Kizulu chake ni cha mzawa na Kiingereza chake ni cha shule. Kiswahili anakisikia kama wewe unavyosikia redio ya jirani. Mtoto wa kwanza ni Furaha, ambaye mama anaitwa kwa jina lake. Ni muuguzi Bukavu na anakizungumza Kiswahili usiku na mchana, lakini Furaha ni binti, kwa hiyo katiba haikumwona. Kifungu kikipita, kiti cha msimamizi wa misiba kingekwenda kwa Dido. Mtu akifa, familia yake ya Uvira au Bujumbura ingepokea simu kutoka kwa kijana asiyejua kusema pole.

Nikadhani wanaume wataliona hilo wenyewe. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Mzee Salvatori, Mrundi mwenye duka dogo Diepsloot, spaza kama wanavyoziita huku. Ni mtu mwema anayeogopa kelele. Duka lake lilipovunjwa wakati wageni tulipokuwa tunafukuzwa mitaani, mkewe na watoto walilala kwa Mama Furaha mpaka hali ikatulia. Nikadhani nitamkumbusha hilo na mambo yataisha. Akanipa soda, akasikiliza, akasema anamheshimu sana Mama Furaha, ila Daktari amesoma, na ni bora kifungu kipite ili amani iwepo. Nilikunywa soda yake kwa hasira. Sidhani kama wanaume wale walikuwa na ubaya na Mama Furaha. Walichoka tu kwamba kila mtu akifa, anayejua la kufanya ni mwanamke.

Basi Jumapili, baada ya ibada, tukakutana katika ukumbi wa kanisa Randburg. Ukumbi ulijaa. Wanawake walikuwa wamepika tangu alfajiri, sufuria za wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, zimepangwa ukutani, na aliyezibeba kutoka kwenye gari ni Dido, kwa amri ya mama yake.

Daktari alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alitueleza treni zinazokwenda kasi kuliko upepo, madaraja yanayovuka mabonde. Akasema nyuma ya kila daraja kuna nyumba yenye utulivu, na ndani ya nyumba yenye utulivu kuna mwanamke anayejua kunyamaza. Wakapiga makofi, na baadhi ya wanawake nao wakapiga, hilo silifichi. Kisha akanitazama.

"Najua Mwalimu Yustina atapinga. Mwalimu anawajua wanawake wa China kuliko anavyolijua jiko lake."

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nikacheka, kwa kuwa ni kweli. Nikasimama nikamjibu kwamba jiko langu halijawahi kwenda kwake kunishtaki, na kama halijalalamika, yeye analisemea kwa cheo gani?

Nikaanza na miguu, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoijua. Nikawaeleza jinsi mabinti wa China walivyofungwa miguu wangali wadogo, mifupa ikapinda, wakatembea kwa shida maisha yao yote. Nikawaambia kwamba wageni wa kutoka ng'ambo walioiona walirudi kwao na picha, wakasema tazameni mateso, toeni sadaka. Daktari anaitazama miguu ile ile anaona utulivu. Wageni wale na Daktari walitazama miguu, hakuna aliyetazama mikono. Mikono ilikuwa kazini. Binti aliyekalishwa chini alikuwa anasokota uzi, anafuma, anashona, na kwa karne nyingi serikali ya huko ilikusanya kodi ya nafaka na kodi ya nguo pia. Nguo ilitoka kwa wanawake. Kuta anazozisifu na mifereji anayoisifu zililipiwa na watu hao anaosema kazi yao ilikuwa kunyamaza. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba mabinti wengine walifungwa miguu ili wakae kwenye uzi wasiondoke. Mkisikia mwanamke amekaa kimya ndani, nikasema, ulizeni kwanza ameshika nini.

Mafundi cherehani wa Kikongo walipiga meza. Lakini Daktari si mtu wa kuanguka kwa pigo moja. Akasema kwa upole kwamba hakuna anayekataa kazi ya akina mama, hapa tunazungumzia sauti, nani anasimama na kusema kwa niaba ya nyumba. Na ili tuone jinsi jambo hili lilivyo jepesi, akasema, tujaribu sasa hivi. Akamwita Dido.

Kijana alikuwa ameegemea mlango na simu yake. Akaja mbele, mrefu, kofia mkononi. Daktari akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamwuliza kwa Kiswahili safi cha Dodoma: kwa niaba ya nyumba ya marehemu baba yako, una maoni gani juu ya utaratibu wa kusafirisha miili?

Dido akamtazama Daktari. Akatutazama sisi. Akasema kitu kwa Kizulu, na Wakongo waliokuwa karibu wakafa kwa kicheko. Alikuwa amesema hajaelewa, na kwamba yeye alikuja kubeba sufuria. Daktari akarudia polepole, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Kijana akamgeukia mama yake, kipaza sauti bado kiko mdomoni, ukumbi mzima ukasikia.

"Eish, Ma. Nisema nini?"

Kaka, nimesoma vitabu vya kutosha kujaza chumba chako cha mbolea, na sijawahi kupewa zawadi kama ile. Nikasimama kabla hajajibiwa. Nikawaambia, hapo mmeiona China. Swali hilo ndilo watoto wa kiume wa China walilowauliza mama zao kwa vizazi na vizazi, kwa sababu kanuni aliyoinakili Daktari haikuwa peke yake ndani ya nyumba. Ilikuwa na nyingine juu yake, na hiyo nyingine ilikuwa nzito zaidi: mtoto amtii mzazi, na mama ni mzazi. Mtoto aliyemtukana mama yake aliweza kuburutwa mbele ya hakimu. Hakimu mwenyewe akifiwa na mama, aliacha cheo akarudi nyumbani kuomboleza. Mjane mwenye watoto wakubwa ndiye aliyechagua wakwe, ndiye aliyeshika funguo za ghala, na mwanawe, hata akiwa na kofia ya serikali kichwani, alimpigia magoti akiingia. Nikawaeleza juu ya wafalme waliotawazwa wakiwa watoto. Mtoto alikaa kitini, mama alikaa nyuma ya pazia, na amri ilitoka nyuma ya pazia.

"Kwa hiyo Daktari," nikasema, "ukituletea Mchina wako, mlete pamoja na mama yake."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tangu harusi yako. Nilikaa chini nikiwa nimeshiba. Na hapo, kaka, ndipo nilipokaribia kushindwa, maana Daktari alisubiri kelele zitulie, akainamisha kichwa kama muungwana, akasema Mwalimu amenifundisha jambo. Nakubali. Basi turekebishe kifungu. Mjane mwenye mtoto wa kiume mtu mzima ajisemee mwenyewe, kwa heshima ya umama wake, na Mama Furaha abaki na kiti chake. Wengine wabaki kama ilivyoandikwa.

Makofi yalianza hata kabla hajamaliza. Yalikuwa makofi ya watu waliotaka kwenda kula. Mzee Salvatori uso wake uling'aa, akaiona amani yake inakuja. Mlango ule nilikuwa nimeujenga mimi, kwa maneno yangu, na sasa alikuwa anautumia kumwingiza mwanamke mmoja na kuwafungia mia nje. Nilijua vizuri alichokuwa anakifanya kwa sababu ndivyo nyumba ile ya kale ilivyosimama. Yule mama aliyepigiwa magoti alikuwa zamani bibi harusi aliyepigwa na kunyimwa chakula. Aliivumilia miaka ile kwa ahadi moja tu, kwamba atazaa mtoto wa kiume, na siku moja yeye pia atakuwa na mkwe wa kumtesa. Wanaume hawakuhitaji kulinda lango. Walimpa mwanamke funguo, akalilinda yeye. Niliinuka kuyasema haya, Mzee Salvatori akanionyesha mkono, Mwalimu umeshazungumza sana, tumsikie mwenyewe.

Kwa hiyo uamuzi ukawa wa Mama Furaha. Na Mama Furaha alikuwa na kila sababu ya kukubali. Kiti kile ndicho alichokijenga kutoka kwenye maiti ya mumewe. Angesema ndiyo, tungekula, angeendelea na kazi yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisimama taratibu. Hakuomba kipaza sauti.

"Asanti Daktari. Miye nitajisemea. Na huyu?" Akaninyooshea kidole. "Hana bwana, baba yake alikufaka, mutoto hana. Yeye nani atamusemea?"

Daktari akasema Mwalimu ana kaka yake huko Njombe.

"Ana kaka. Muzuri. Basi tumuite huyo kaka, aseme."

Watu wakadhani anatania. Hakuwa anatania. Akanidai namba yako, nikampa. Akampa Mzee Salvatori simu, na Mzee Salvatori, ambaye hajui kumkatalia mtu yeyote, akapiga, akaweka sauti ya juu, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Tukasubiri. Sijui ulikuwa wapi Jumapili alasiri, bila shaka shambani, na simu imelala bila chaji. Ukumbi mzima ukasikia sauti ile nyororo ya dada wa mtambo: namba ya mteja unayempigia haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

Mama Furaha akakunja mikono.

"Daktari, tungoje baadaye?"

Kaka, walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mzee mmoja wa Lubumbashi alikaa chini sakafuni. Daktari mwenyewe alijizuia, akajizuia, kisha mabega yakaanza kutikisika. Mama Furaha peke yake hakucheka. Alisubiri, na walipotulia akasema maneno ambayo nimeyaandika ukutani kwangu ili niyaone kila nikiamka.

"Miye nilizika bwana yangu, sikuzika kinywa yangu. Na hawa bamama bote bako hapa, hakuna mwenye alizika yake. Kama munanipa kiti sababu Dido ni mwanaume, mukamate hicho kiti. Na kesho mutu akikufa, muite Daktari."

Akakaa. Hapakuwa na makofi. Nadhani kila mtu alikuwa anahesabu kimoyomoyo nani nyumbani kwake ni mgonjwa. Kisha Mzee Salvatori, ingawa kwa desturi mwenyekiti hapigi kura, akainua mkono wake kukataa kifungu, akauacha juu. Mkewe akainua. Mafundi wakainua, wasusi wakainua, walinzi wa usiku waliokuja na sare zao wakainua. Dido alimtazama mama yake, akainua mikono miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Kifungu kilifutwa chote. Hakikurekebishwa, kaka, kilifutwa, na mahali pake pakaandikwa mstari mmoja kwamba kila mwanachama anajisemea.

Tukala. Daktari alikuja na sahani yake akakaa karibu nami, na nitampa haki yake, hakununa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mahakimu walipiga magoti kwa mama zao. Nikamwambia ni kweli, na kwamba miaka yote aliyokaa China alipita mbele ya nyumba hizo bila kumwuliza bibi yeyote swali hata moja. Akasema alikuwa anasoma uchumi. Nikamwambia, na kodi ya nguo ilikuwa nini, kama si uchumi? Akaniomba vitabu. Nitampa, lakini vile vigumu kwanza.

Tulipokuwa tunaosha sufuria nje, wanawake wakanizingira wakitaka wasimuliwe zaidi. Msusi mmoja wa Goma, binti asiye na mume na asiyetaka, akaniuliza, na wale wasio na mume wala mtoto huko China walikuwa wanaenda wapi? Nikawasimulia juu ya wanawake wa kusini, wa nchi ya hariri. Walifanya kazi ya kuvuta nyuzi za hariri, wakawa na chao mkononi, na baadhi yao wakaamua kutoolewa. Siku ya kuamua, mwanamke alichana nywele zake, akazifunga juu kama mke wa mtu, mbele ya wenzake, akaapa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwoza. Wengi walisafiri ng'ambo kufanya kazi za ndani wakawasomesha wadogo zao. Lakini desturi haikumruhusu mwanamke wa namna hiyo kufia katika nyumba ya baba yake, wala kukumbukwa pamoja na mababu. Basi wakachangishana wakajenga nyumba zao wenyewe, za kuishi, kuugua na kufia, na waliotangulia walikumbukwa na waliobaki. Wanawake waliacha kuosha sufuria. Mama Furaha akasema, hicho ni chama chetu. Halafu watu wananiambia mambo ya haki za wanawake yaliletwa na Wazungu. Wanawake wale walijifunga nywele kwa mikono yao, na hapakuwa na Mzungu aliyewashikia kitana.

Tangu jana, kila Jumamosi mchana karakana ya Mama Furaha ni darasa. Wanashona, mimi nasoma na kueleza. Waume wawili wameshakuja kusikiliza wanafundishwa nini wake zao, na wakabaki.

Kaka, nimefurahi kuliko siku niliyopata shahada. Kwa furaha hiyo nakuambia neno moja, na ulipokee kama ulivyozoea kunipokea.

Mjomba alinipigia kwamba Desemba kuna kikao cha ukoo juu ya shamba la Baba la bondeni. Akasema nisijisumbue kusafiri, wewe utanisemea. Najua ungenisemea vizuri, kuliko wengi. Usinisemee. Nimekata tiketi ya basi, nitashuka Makambako, uje unipokee na koti, maana baridi yenu nimeisahau. Nitakaa ndani ya kikao, na nitazungumza zamu yangu ikifika, na wewe zamu yako. Tukibishana tutabishana kama tulivyobishana tangu utoto.

Mpe wifi salamu zangu za moyo, mwambie nimemshonea gauni la kitenge cha Kongo na nimekisia kiuno, asinilaumu. Mwambie mwanao Neema kwamba shangazi anakuja na vitabu, asikubali kupelekwa kuchota maji nikiwa nazungumza. Msalimie mama mdogo wa Makambako, na katekista jirani yetu anayeniombea nitulie. Mwambie aombee jambo lingine. Mama Furaha, ambaye humfahamu ila alikupigia simu, anakusalimu na anasema uchaji simu yako.

Na sasa najua Mama amekaa hapo pembeni yako anasikiliza. Yeye ni mjane, na wewe ni mwanawe wa kiume, na shamba lile amelilima muda mrefu kuliko sisi sote. Katika vikao vyote vilivyokaa tangu Baba afariki, hakuna aliyemwuliza analitakia nini. Usiniandikie jibu lake, kaka. Weka karatasi chini, mgeukie, umwulize, kisha unyamaze.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina